Miaka 31 ya kuongoza kwaya, tarumbeta na okestra ndogo kati ya Moshi na Arusha: uzi kwa wanaouliza kama muziki ni kazi

sauti_ya_tatu:

Wakuu, habari za leo.

Wiki iliyopita kijana mmoja aliuliza humu kama mtu anaweza kuishi kwa muziki bila kuwa msanii wa redioni. Wengi walimjibu atafute kazi. Nilisoma majibu yote, nikakaa nayo siku mbili, nikaona nisinyamaze. Tangu 1994 nimelisha familia kwa muziki: kwaya za usharika, vikundi vya tarumbeta, darasa la kuimba shule ya msingi, vipindi vya piano kwa watoto wa shule za kimataifa, harusi ambazo siwezi tena kuzihesabu, na kwa miaka 9 okestra ya watu 19 pale Arusha. Mtu wa kazi hii Wazungu humwita kondakta, ila huku kwetu kondakta ni wa Coaster, kwa hiyo nitasema mwongozaji.

Nitaandika kwa vipande. Ulizeni katikati, nitajibu nikipata nafasi.

Mimi ni mtu wa Machame. Mwaka 1980, nikiwa na miaka 11, mwalimu wa tarumbeta wa usharika wetu alituita nje ya kanisa, akatupanga mstari, akawa anatuangalia midomo na meno. Wenye midomo membamba aliwapa tarumbeta, wenye midomo minene aliwapa vyombo vikubwa. (Baadaye niligundua hiyo si kanuni. Nimefundisha mpiga tarumbeta hodari mwenye midomo minene kuliko yangu.) Mimi nilipewa honi ya tenor, yaani sauti ya tatu.

Wanaoimba kwaya wanajua sauti ya tatu ni nini. Haina wimbo. Hakuna mtu anayetoka kanisani akiipiga mluzi. Unashika nota moja mistari miwili mizima huku sauti ya kwanza inapanda na kushuka, kisha unasogea nusu hatua, na katika ile nusu hatua wimbo wote unabadilika rangi. Nililia siku ile, nilitaka tarumbeta. Sasa naona yale yote niliyokuja kuyafanya kama mwongozaji niliyajifunza pale, kwa sababu aliyekaa sauti ya tatu hana budi kusikiliza. Akijisikiliza peke yake hajui yuko wapi.

kijana_wa_kiboriloni:

Shikamoo mwalimu. Ni mimi niliyeuliza wiki iliyopita. Naweka kiti. Hizi tarumbeta za makanisa yetu asili yake ni wapi hasa?

sauti_ya_tatu:

Marahaba kijana wangu. Nafurahi umekuja.

Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro 1893. Ujerumani kwao kulikuwa na desturi ya makanisa ya vijijini kuwa na kikundi cha vyombo vya shaba kinachopiga nyimbo za kitabu kwa sauti nne, na aliyeieneza sana ni mchungaji mmoja, Johannes Kuhlo, aliyeishi 1856 hadi 1941. Baada ya Vita ya Kwanza Wajerumani waliondolewa, wakarudi katikati ya miaka ya 1920, wakaondolewa tena Vita ya Pili. Tarumbeta zilibaki. Waliozishika ni walimu na wakulima wa kahawa wa huku huku mlimani, wakafundisha watoto wao.

Sasa kuna jambo la kiufundi ambalo Kuhlo aliliacha na ambalo liliniumiza sana nilipotoka nyumbani. Tarumbeta nyingi ni za Bb, yaani nota B iliyoshushwa nusu hatua. Ukipuliza bila kubonyeza valvu yoyote, inayotoka ni Bb ya kinanda. Bendi za jeshi, polisi na shule huandika nota hiyo kama C, yaani karatasi ya mpiga tarumbeta imesogezwa hatua moja juu. Kuhlo hakutaka hivyo. Alitaka mpigaji asome moja kwa moja kutoka kitabu kile kile cha nyimbo anachotumia mpiga kinanda, bila karatasi nyingine. Kwa hiyo mtoto wa tarumbeta ya kanisa anafundishwa kwamba isiyobonyezwa ni Bb, na C ya chini ya mistari anabonyeza ya kwanza na ya tatu.

Nilimaliza kidato cha sita 1989, nikaenda JKT kwa mujibu wa sheria. Kambini kulikuwa na bendi. Nikajitokeza nikiwa na uhakika kabisa, miaka tisa ya tarumbeta si mchezo. Nikapewa karatasi, nikaona C, nikabonyeza ya kwanza na ya tatu kama nilivyozoea. Wenzangu wote wakapiga bila kubonyeza. Mimi nikawa hatua nzima juu yao, na kwa sauti kubwa. Afande akasimamisha bendi, tukarudia, nikakosea tena vile vile, mara tatu. Mara ya nne aliniondoa. Niliambiwa sijui muziki.

Usiku ule nilikaa na karatasi ya rafiki yangu nikiandika kila nota na vidole vyake, safu ya kanisa na safu ya bendi. Ilinichukua kama wiki mbili kuweza kusoma kwa njia zote mbili. Kazi nyingi nilizopata baadaye zilitokana na daftari lile, maana nilikuwa mmoja wa wachache waliojua kuhamisha nyimbo za kitabu zipigwe na bendi ya shule, na za bendi zipigwe na tarumbeta za usharika.

besi_wa_kibosho:

Mwalimu hapa umenikumbusha mbali. Sisi upande wa Katoliki hatukuwa na tarumbeta nyingi, tulikuwa na kinanda na solfa. Nyimbo za watunzi kina John Mgandu tulizipata kwa karatasi za kudurufu, d r m f s, tukazijua kwa kichwa. Hadi leo stafu, zile nota za mistari mitano, siijui na ni mwalimu wa kwaya miaka 15. Je, nimefundisha watu vibaya?

sauti_ya_tatu:

Hapana ndugu yangu, hata kidogo. Solfa ilianzia Uingereza katika karne ya 19. John Curwen aliieneza akitumia kazi ya mwalimu mwanamke, Sarah Glover, na lengo lilikuwa hasa watu wa kawaida waimbe sauti nne bila kununua kinanda. Enoch Sontonga alipotunga mwaka 1897 ule wimbo ambao sisi tunauimba leo kama wimbo wa taifa, alikuwa mwalimu wa shule huko Afrika Kusini na dunia yake ya uimbaji ilikuwa ya solfa. Hicho si chombo cha watu wasiosoma.

Ubora wa solfa ni kwamba inamfundisha mtu uhusiano. Ukiona "t" mwili wako unajua inataka kupanda kwenda "d". Stafu inakuonyesha mahali, solfa inakuonyesha hamu ya nota. Udhaifu wake unaanza wimbo unapobadilisha ufunguo mara kwa mara, au unapotaka kumkabidhi mtu wa fidla karatasi.

soprano_ya_kaloleni:

Samahani mwalimu, mimi nitakuwa tofauti kidogo. Kwaya yetu hapa Arusha ilipata mwalimu msomi akasema solfa ni ya kizamani, kila mtu asome stafu. Ndani ya miezi minne nusu ya akina mama waliacha kwaya. Walioacha ndio waliokuwa na sauti nzuri kuliko wote. Naomba msitufundishie watoto dharau hiyo.

sauti_ya_tatu:

Dada yangu, umesema kweli, na mimi mwenyewe niliwahi kufanya kosa hilo. Nilirudi kutoka Bukoba, nilikokwenda kusoma muziki wa kanisa Ruhija, nikiwa nimejaa kontrapunto (kanuni za kusuka sauti kadhaa pamoja) na vinanda vya miguu, nikaingia kwaya moja ya akina mama upande wa Moshi mjini. Nilichora mistari mitano ubaoni siku ya kwanza. Mama mmoja wa alto, mtu mzima sana, muuza ndizi soko la Mbuyuni, aliniambia kwa upole: "Mwanangu, sisi tunauona wimbo. Wewe tuonyeshe tunapokosea." Halafu akaimba alto yake yote kutoka mwanzo hadi mwisho bila kinanda, na alipofika mwisho nikagusa nota kwenye kinanda. Alikuwa hajashuka hata kidogo.

Nilifuta ubao. Kuanzia hapo nafundisha solfa kwanza kwa kila mtu, mtoto na mzee, na stafu kwa anayeitaka au anayeihitaji kwa chombo chake.

Na niongeze jambo moja ambalo waalimu wa kwaya hatulisemi vya kutosha: mkazo wa maneno. Kiswahili mkazo wake uko silabi ya pili kutoka mwisho. BAba, MUngu, neEma, asiFIwe. Nyimbo nyingi za Kijerumani zinaanza na pigo dogo la kuingilia, kisha pigo zito. Mtafsiri akiweka "Baba" pale mwanzoni, wimbo unakulazimisha uimbe "baBA", na "Mungu" inakuwa "muNGU". Tumeimba hivyo zaidi ya miaka 100 mpaka masikio yamezoea, lakini mwambie mtoto wa miaka mitano aimbe, utaona anavyotaka kurudisha mkazo mahali pake. Hakosei yeye. Ninapopanga wimbo upya nasogeza mwanzo: naupa neno la silabi tatu kama "eBWAna", au naongeza kiunganishi, "na BAba", "ee MUngu", ili pigo zito liangukie panapostahili. Ni kazi ya penseli na kufuta, mstari kwa mstari. Hakuna anayekulipa kwa kazi hiyo wala hakuna anayeiona, ila siku ya ibada unasikia maneno yanafika hadi benchi la nyuma na watu wanaelewa wanachokiimba.

kijana_wa_kiboriloni:

Mwalimu, samahani kwa swali la pesa. Ulilipwaje?

sauti_ya_tatu:

Usiombe samahani, ndilo swali lako la mwanzo.

Sikuwahi kuwa na mshahara mmoja. Miaka ya mwanzo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi wilaya ya Hai, muziki ilikuwa jioni. Nilipoacha shule 1994 nilikuwa na posho ya usharika ambayo ilitosha kwa sukari na mafuta ya taa. Jumamosi ilikuwa ya harusi. Mnajua matarumbeta ya harusi huku kwetu: kikundi kinapanda nyuma ya pikapu au Canter, msafara unazunguka mji, unapita Double Road hadi mnara wa saa na kurudi, watu wanashangilia kando ya barabara. Mwaka 1998 kila mpigaji alikuwa akipata 3,000 kwa harusi moja, na mimi mara mbili yake kwa sababu vyombo vilikuwa vyangu. Mei hadi Agosti hakukuwa na Jumamosi tupu, Kwaresima hakukuwa na kitu. Mwenzangu mmoja alijua kuweka akiba, mimi nilichelewa kujifunza.

Halafu vipindi vya piano. Moshi na Arusha zina shule za kimataifa, na wazazi wengine wanataka mtoto afanye mitihani ya ABRSM ya Uingereza, daraja la 1 hadi la 8. Hapo ndipo palikuwa na fedha ya uhakika, kwa saa. Lakini kulikuwa na shule moja ambayo sitaitaja, ilinikalia na malipo ya muhula mzima, nikaja kulipwa mwaka uliofuata baada ya kwenda ofisini mara sijui ngapi. Somo ni kwamba andika mkataba hata kama wanakuita "mwalimu wetu mpendwa".

Na mwisho, kuandika na kunakili muziki. Kwaya zinataka wimbo wao uwekwe sauti nne, bendi zinataka karatasi za kila chombo. Hii ndiyo kazi iliyonibeba miaka mibaya.

Ukijumlisha vyote, ndiyo, ni kazi. Ila ni kazi tano, na kila moja ina saa yake.

mama_wa_watatu:

Mwalimu hongera sana. Mwanangu wa miaka 9 anataka fidla. Ameona kwenye simu. Nianzie wapi, na je ni kweli akichelewa hatajua tena?

sauti_ya_tatu:

Mama, hajachelewa. Miaka 9 ni umri mzuri. Mambo mawili tu. Kwanza, asipewe fidla ya mtu mzima. Fidla zina saizi, na mtoto wa umri wake mara nyingi hutumia nusu au robo tatu, kutegemea urefu wa mkono. Anyooshe mkono wa kushoto, kichwa cha fidla kifike kwenye kiganja bila kuvuta bega. Ikiwa kubwa atajikunja na kuumia. Pili, kabla hujanunua, mpeleke kwaya ya watoto miezi mitatu. Fidla haina alama pale vidole vinapokaa. Mtoto ambaye hawezi kuimba "d r m" kwa usahihi hatajua kidole chake kimekosea.

mpingo_mweusi:

Mwalimu, kuna kipindi nilisikia watoto wa Moshi wanafundishwa klarineti na kupanda mipingo. Ni kweli, au maneno ya watalii?

sauti_ya_tatu:

Ni kweli kabisa. Klarineti nzuri duniani hutengenezwa kwa mpingo, na viwanda vya Ulaya hununua mpingo wa Tanzania na Msumbiji. Mti huu unakua taratibu mno, unahitaji miaka 70 na kuendelea kabla haujafaa kwa kazi hiyo. Ni mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama. Hapa Moshi marehemu Sebastian Chuwa, mtaalamu wa mimea, alianzisha na Mmarekani James Harris mradi wa kupanda mipingo mwaka 1996, na baadaye ukaja mpango wa kufundisha klarineti mashuleni pamoja na upandaji wa miti hiyo.

Mimi nilishika klarineti ya mpingo mara ya kwanza nikiwa na miaka 30 na kitu. Ilikuwa imetengenezwa Ufaransa. Nilikuwa nimekua naona mpingo kwenye vinyago na kwenye mchi wa bibi yangu. Niliigeuza mkononi, nikainusa. Ule mti umeondoka kwetu kama gogo ukarudi ukiwa na funguo za fedha, na bei yake ilikuwa zaidi ya mapato yangu ya mwaka mzima. Mwenye nayo aliniachia nipulize. Nilipopata nota ya chini kabisa, ile yenye rangi ya kahawa, nilielewa kwa nini wanaufuata hadi huku.

Ukipata klarineti mpya ya mbao, usiipige masaa mawili siku ya kwanza. Dakika 15 kwa siku, wiki za mwanzo, na uifute ndani kila mara. Unyevu wa pumzi ukiingia ghafla kwenye mbao kavu, inapasuka.

besi_wa_kibosho:

Hiyo okestra ya Arusha tueleze. Mimi nilidhani okestra ni Dar tu.

sauti_ya_tatu:

Ilianza 2011. Hatukuwa na jina kubwa. Tulikuwa na fidla 8, viola 1 (kama fidla, ila kubwa kidogo na ya sauti ya chini zaidi), chelo 2, kontrabasi 1, filimbi 2, klarineti 2, tarumbeta 2 na tromboni 1. Kulikuwa na nesi, fundi simu wa Ngarenaro, wanafunzi wa sekondari, mwalimu mstaafu, na wageni waliokuwa wakifanya kazi mjini. Jumamosi mbili kwa mwezi nilitoka Moshi na Coaster, kilomita kama 80, karatasi zote kwenye begi la mgongoni. Kati ya Boma Ng'ombe na Usa River ndiko nilikopitia muziki, nikipiga mapigo gotini. Abiria wa pembeni walishazoea.

Shida ya kwanza ilikuwa ile viola moja. Viola ndiyo sauti ya tatu ya okestra. Watunzi waliandika wakitarajia wapigaji wengi pale katikati, na sisi tulikuwa na binti mmoja, tena ana mitihani. Nikaandika upya: sehemu ya viola nikaigawa kwa klarineti mbili. Muziki ukajaa. Kazi nyingi ya mwongozaji wa okestra ndogo ni hii, hufanyika mezani usiku kabla mtu hajainua kijiti.

Ya pili ilikuwa baridi. Arusha iko juu, kama mita 1,400, na Julai ndani ya ukumbi wa mawe utavaa koti. Tarumbeta na klarineti hutegemea kasi ya sauti hewani, na hewa ikipoa kasi inapungua, kama mita 0.6 kwa sekunde kwa kila nyuzijoto moja. Chombo kikipoa nyuzijoto 10, nota A ya kupatanishia vyombo, ya mitetemo 440 kwa sekunde, inaelekea 432. Wakati huo huo waya za fidla zikipoa zinasinyaa, zinakaza, zinapanda. Kwa hiyo shaba inashuka, fidla zinapanda, na kila mtu anaapa kwamba yeye yuko sawa. Na kweli kila mmoja alikuwa sawa alipotoka nyumbani.

Kulikuwa na jioni moja ya Julai hatukuweza kupatana kabisa. Tulitoa sauti ya kuanzia mara nne. Watu wakaanza kutazamana vibaya, fidla ya kwanza akamwambia mtu wa tromboni neno ambalo hakupaswa kulisema. Nikaweka kijiti chini. Nikawaambia wapulizaji wapulize pumzi ya moto tu ndani ya vyombo, bila sauti, dakika tatu, na watu wa fidla waweke vyombo ndani ya makoti yao. Ukumbi mzima kimya, unasikia pumzi tu. Kisha nikaomba chelo atoe nota moja, ndefu, na kila mtu aingie anapokuwa amefumba macho na anaposikia nafasi yake. Sikuinua mkono. Waliingia mmoja mmoja. Binti wa viola aliingia wa mwisho, na alipoingia niliona mtu wa tromboni anatabasamu huku amepuliza. Tulikaa kwenye nota ile muda mrefu sana. Sijawahi kuongoza kitu kizuri kuliko kile, na mikono yangu ilikuwa mfukoni.

Tulipiga Haleluya ya Handel mara mbili na kwaya tatu zilizoungana. Mtunzi aliiandika kwa D, kazi iliyosikika mara ya kwanza Dublin 1742. Kwa tarumbeta za Bb, D ni ufunguo wenye vidole vya taabu, na vijana wangu wawili walikuwa wapya. Nikaishusha C. Mzungu mmoja aliniambia nimeharibu. Watu waliosimama hadi milangoni hawakuona kilichoharibika.

soprano_ya_kaloleni:

Mwalimu, ile ya pili nilikuwepo kwenye soprano! Sikujua ni wewe. Iliishaje okestra?

sauti_ya_tatu:

Kumbe! Basi utakumbuka umeme ulivyokatika na mkaendelea.

Iliisha kidogo kidogo. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya Rwanda, iliyokuwa Arusha, ilipofungwa Desemba 2015, tulipoteza wapigaji wanne kwa mpigo, watatu wa fidla na chelo mmoja. Wenyeji tuliokuwa tumewaanzisha walikuwa bado hawajafika kiwango hicho. Nililaumu wageni moyoni kwa muda, halafu nikaona kosa lilikuwa langu. Nilitumia miaka minne ya kwanza kuandaa matamasha nilipopaswa kuandaa watoto. Kuanzia 2016 niligeuza: saa moja ya watoto kabla ya kila mazoezi. Tulikuwa tunaanza kuona matunda, shule zikafungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, ukumbi tuliokuwa tukipewa bure ukapata matumizi mengine, na hatukurudi.

Wale watoto wapo. Mmoja yuko Makumira anasoma muziki. Wawili wanapiga kwenye ibada. Mmoja ni fundi, nitamtaja chini.

kijana_wa_kiboriloni:

Mwalimu, nimesoma yote. Jana nilimwuliza mzee wetu wa kanisa, akaniambia stoo kuna vyombo vya zamani havijaguswa miaka. Nimekuta yufoniamu moja, kile chombo kikubwa cha shaba kama tuba ndogo. Ina mbonyeo mkubwa chini na valvu ya pili imeganda kabisa. Nijaribu kuigonga na nyundo ya mpira?

sauti_ya_tatu:

USIIGONGE. Usitumie koleo pia.

Valvu ikiganda mara nyingi ni uchafu na mafuta yaliyokauka. Toa kifuniko cha chini kwa mkono, weka mafuta ya cherehani matone machache juu na chini, simamisha chombo, kiache usiku mzima. Kesho yake ongeza tena. Inaweza kuchukua siku tatu. Ikianza kusogea usilazimishe, izungushe taratibu. Ikitoka, kumbuka valvu ina namba na ina upande wake, usiichanganye na nyingine.

Ule mbonyeo usihangaike nao. Kuna yule kijana wangu wa okestra aliyeacha tarumbeta, sasa ni fundi wa rejeta Moshi. Anajua kulehemu bati jembamba la shaba bila kulichoma. Amenifufulia tuba mbili. Anaweka mpira wa chuma ndani, anausukuma taratibu kutoka upande wa pili huku anaupasha moto, mbonyeo unatoka. Nitakutumia namba yake faraghani.

Kipande cha mdomoni kama hakipo, ninacho kimoja.

Nina kikundi Jumamosi saa kumi jioni hapa Majengo. Njoo hata kama valvu bado haijaachia, utaanza na kuimba. Njoo na daftari na penseli, si peni. Pasaka ya 2003 tulikuwa makaburini saa kumi na moja alfajiri, mvua ya masika ikatukuta katikati ya wimbo wa pili, karatasi zote zilizoandikwa kwa wino zikawa maji ya bluu mikononi mwetu. Ya sauti ya tatu niliiandika kwa penseli usiku ule kwa sababu peni iliniishia. Ndiyo pekee iliyosomeka, tukamalizia wimbo kutoka hapo, wengine wakitafuta sauti zao juu na chini yake.

kijana_wa_kiboriloni:

Nimeweka mafuta leo saa mbili usiku. Jumamosi nitafika mwalimu.